Hugh Tracey: Mkulima wa tumbaku aliyegeuka mfanyabiashara wa ngoma za asili

Na Mwandishi Wetu, Kibingo

MKULIMA wa kahawa hapa Kibingo hahitaji kufundishwa maana ya butura. Shida ikimbana, ada ya shule au mgonjwa ndani ya nyumba, anaiuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika aliyenunua anakuja na magunia yake kuvuna, na mwenye kibanja anabaki kutazama. Serikali imeikataza mara nyingi, na bado ipo.

Wiki hii ukurasa huu unamwangalia mtu ambaye biashara yake haikuwa kahawa wala ndizi bali nyimbo: za wachunga ng'ombe, za wapiga enanga, za wapiga gitaa wa mitaani. Wapo wanaosema aliziokoa zisipotee. Wapo pia wanaosema wenye nyimbo walikuwa katika hali isiyo mbali sana na ya muuza butura. Msomaji atapima mwenyewe.

Jina lake ni Hugh Tracey. Alizaliwa Januari 29, 1903 huko Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, mtoto wa daktari. Kaka yake Leonard alikuwa amepigana Vita Kuu ya Kwanza, na kama askari wengine wa Uingereza wa wakati ule akapewa shamba Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Ardhi yenyewe haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Ilikuwa ya Waafrika kabla ya ukoloni kuichukua. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Hugh, kijana asiyefikisha miaka ishirini, alipanda meli kwenda kumsaidia kaka yake kulima tumbaku.

Tumbaku ni kilimo cha mikono mingi, kama wanavyojua wakulima wa Tabora na Urambo. Kuanzia kitalu hadi bani la kukaushia, kazi haiishi. Tracey alikaa mashambani na vibarua wa Kikaranga, mojawapo ya makundi ya Washona, akajifunza lugha yao kwa kufanya nao kazi. Pamoja na lugha akajifunza nyimbo zao za kulima na za jioni. Wazungu wenzake walimshangaa. Kwa wengi wao ngoma ile ilikuwa kelele tu, na wamisheni wengi waliiona ni mambo ya kishenzi ya kuachwa nje ya kanisa.

Yeye aliisikiliza kama bidhaa yenye thamani, na hapo ndipo hadithi yake inapoanza kutuhusu sisi wa biashara. Mwaka 1929 alisikia kuwa mafundi wa kampuni ya santuri ya Columbia wako Johannesburg na mitambo yao. Akakusanya vijana 14 wa Kikaranga, akawasafirisha mamia ya maili hadi huko, nao wakarekodiwa. Hizo zilikuwa kati ya santuri za kwanza za muziki wa asili wa Rhodesia ya Kusini.

Mapema miaka ya 1930 alipata msaada wa shirika la Carnegie la Marekani ili aufanyie utafiti muziki wa Washona. Alipokwenda London kuonyesha alichokusanya, watunzi wawili wakubwa wa muziki wa Kizungu, Gustav Holst na Ralph Vaughan Williams, walimtia moyo aendelee kurekodi. Lakini moyo haulishi familia. Akaajiriwa na shirika la utangazaji la Afrika Kusini, akawa msimamizi wa studio ya Durban kuanzia 1936 hadi 1947. Akiwa huko alifuatilia timbila, marimba makubwa ya Wachopi wa Msumbiji, na mwaka 1948 akatoa kitabu juu yao ambacho wataalamu wanakitumia hadi leo.

Mtaji ulitoka kwa Eric Gallo, mfanyabiashara wa Johannesburg aliyeanza na duka la santuri mwaka 1926 na kuwa na kampuni kubwa ya muziki nchini humo. Makubaliano yao yalikuwa ya kibiashara kabisa: Gallo angegharamia safari na mitambo, na katika nyimbo zitakazopatikana angechagua zile zenye soko na kuzitoa kwa nembo zake. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, zingebaki kwa ajili ya elimu. Kwa mkataba huo Tracey alianza safari ndefu za Kusini, Kati na Mashariki mwa Afrika.

Alisafiri kwa gari lililobeba mitambo na jenereta. Umeme vijijini haukuwapo, kwa hiyo jenereta ilisogezwa mbali kwa waya mrefu ili mngurumo wake usiingie kwenye santuri. Kipaza sauti alikishika mwenyewe mkononi, akimsogelea mwimbaji na kurudi kwa mpiga chombo, akikisia nini kisikike zaidi. Alibeba pia uma za sauti, vyuma vidogo vya kupimia mlio, akapima jinsi kila chombo kilivyowekwa sauti. Kila wimbo uliandikiwa kadi: lugha, mahali, wilaya, jina la mwimbaji, aina ya chombo, na wimbo unahusu nini. Nawaomba wasomaji wazikumbuke kadi hizo, tutazirudia.

Mwaka 1950 alipita Tanganyika, Kenya na Uganda. Kwetu alirekodi Wagogo, Wahehe, Wanyamwezi, Wasukuma na Wahaya, miongoni mwa wengine. Enanga, ambayo wazee wa Karagwe, Kyerwa na Bukoba hawahitaji kuelezwa, ni kinanda kilichochongwa katika kipande kimoja cha mti mfano wa mtumbwi mdogo, na uzi wake hupitishwa kwenda na kurudi mpaka ziwepo nyuzi saba au nane. Mpigaji hakuburudisha watu tu. Alisimulia habari za wafalme na mashujaa, na ukoo uliotajwa vibaya na mpiga enanga uliisikia aibu yake.

Katika safari hizo, mwaka 1950 na tena 1952, alirekodi muziki wa ikulu za Uganda: Buganda, Bunyoro na Ankole. Majirani zetu hao walikuwa na ngoma, makondere na marimba yaliyopigwa kwa ajili ya mfalme tu, na wapigaji waliorithishana kazi. Mwaka 1966 jeshi la Milton Obote liliivamia ikulu ya Kabaka pale Mengo, Kabaka akakimbilia Uingereza, wapigaji wakatawanyika. Baadaye walipotokea vijana wa Buganda waliotaka kuujua muziki ule, santuri za Tracey zilikuwa kati ya mahali pa kuusikia. Huku kwetu utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963 bila risasi, lakini kazi ya mpigaji wa ikulu nayo ilikwisha siku hiyo.

Kuna kisa kimoja cha Kenya ambacho hakichuji. Mwaka 1950, katika nchi ya Wakipsigis, wasichana walimwimbia Tracey wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi, Marekani, Mzungu aliyeimba bluzi za mashambani kwa gitaa na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Santuri zake zilifika kwenye milima ya chai zikapigwa kwenye gramafoni. Wakipsigis wakamchukulia kuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu swala, wakamtungia nyimbo zao kwa zeze lao. Kwa hiyo wimbo ulitoka shamba la Marekani ukafika shamba la Kenya, na Tracey akaurudisha sokoni ukiwa umegeuka kuwa wa Kikipsigis.

Mwaka 1952 huko Jadotville, mji wa migodi wa Katanga ambao sasa ni Likasi, alimkuta kijana aliyepiga gitaa kavu barabarani kwa vidole viwili, akisikika kama watu watatu. Alikuwa Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake Masanga ulienea Afrika ya Mashariki na Kati, na wapiga gitaa wa Nairobi walikaa chini wakijifunza vidole vyake. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1990.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Mwaka 1954, kwa fedha za mfuko wa Nuffield wa Uingereza na za makampuni ya migodi ya Afrika Kusini, Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika karibu na Roodepoort, nje kidogo ya Johannesburg. Humo akatoa mfululizo wa santuri 210 uitwao Sound of Africa. Hiyo si bidhaa ya duka la mtaani. Wanunuzi walikuwa vyuo vikuu na maktaba za nje, wachache na wenye kusuasua. Ukitazama kama mfanyabiashara, haikuwa rahisi ijilipe.

Kwa hiyo akatafuta zao la pili, kama mkulima anayechanganya maharage ndani ya migomba. Tangu ujanani alizijua mbira, vyombo vya vidole gumba vyenye ndimi za chuma. Kwetu Wagogo wanacho cha jamii hiyo, ilimba. Baada ya majaribio ya miaka mingi alitengeneza kimoja chenye mpangilio wa sauti ambao Mzungu angeuelewa, akakipa jina la Kalimba. Kiwanda kidogo kilianza kazi mwaka huo huo wa 1954. Mbao ilikuwa ya mninga, mti huo huo ambao seremala wetu wanautafuta kwa tochi. Kalimba iliuzwa Ulaya na Marekani, na miaka ya 1970 Maurice White wa bendi ya Earth, Wind & Fire aliipiga mbele ya maelfu ya watu. Leo jina kalimba limekuwa la kila mtu, na viwanda vya China vinazitoa kwa wingi. Wazo la chombo lilikuwa la mafundi wa vijijini ambao majina yao hayamo kwenye boksi.

Hapo ndipo pagumu. Mwimbaji alilipwa ujira mdogo siku ya kurekodiwa, basi. Alichouza hakujua kitazaa nini, wala kwa miaka mingapi. Wanaomtetea Tracey husema zile santuri nyingi hazikuzaa faida ya kugawana, na hilo ni kweli. Lakini zilizozaa zipo, na mwandishi huyu haoni sababu ya anayenunua kahawa ikiwa maua kuitwa mlanguzi, halafu anayenunua wimbo kwa malipo ya siku moja tukamwita msamaria. Tracey aliupenda muziki huo kwa dhati. Mapenzi na mkataba ni vitu viwili.

Siasa nayo ilimkuta. Makao yake yalikuwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na nchi za Afrika zilipopata uhuru hazikutaka kushirikiana na taasisi ya huko, hata yenye nia njema. Milango ikafungwa, fedha zikapungua. Alipofariki Oktoba 23, 1977, maktaba ilikuwa karibu kufa naye. Mwanawe Andrew, naye mpiga mbira hodari, aliinusuru mwaka 1978 kwa kuihamishia Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji wa Grahamstown ambao sasa unaitwa Makhanda.

Kanda zikakaa kabatini hadi miaka ya 1990 ilipokaribia mwisho. Ndipo Michael Baird, mpiga ngoma mzaliwa wa Lusaka anayeishi Utrecht, Uholanzi, alipochukua kazi ya kuzisafisha na kuzitoa kwa CD kupitia kampuni yake ndogo ya SWP. Ikulu za Uganda zikapata CD yake, na Tanganyika ya 1950 ikapata mbili, moja ya vyombo na nyingine ya sauti za waimbaji. Kampuni za namna hii hazikimbizani na redio. Bidhaa yao ni kama kibanja: haivunwi mara moja kama mahindi, inauzwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Marekani walikuwa na mfano wao. Kampuni ya Arhoolie ilianza mwaka 1960 kwa kutoa nakala 250 tu za santuri ya Mance Lipscomb, mkulima wa Texas aliyelima shamba la watu kwa kugawana mavuno na kupiga bluzi usiku. Mwaka 2016 taasisi ya taifa ya Smithsonian iliichukua hazina yote.

Mwaka 2014 maktaba ya Tracey ilirudi Kenya ikiwa na nakala za nyimbo za Wakipsigis. Zile kadi ndizo zilizowezesha. Kwa sababu jina na kijiji viliandikwa, watu walitafutwa nyumba kwa nyumba, na baadhi ya walioimba mwaka 1950 walikutwa hai, wazee wa zaidi ya miaka themanini. Walisikia sauti zao za ujana kwa mara ya kwanza.

Tanzania sasa ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na ofisi ya COSOTA ambako mtunzi anaweza kuandikisha kazi yake kabla hajasaini karatasi ya mtu. Tracey alipopita na gari lake, wapiga enanga hawakuwa na mlango kama huo wa kubisha. Kadi za nyimbo za Wahaya zipo bado Makhanda pamoja na sauti zenyewe, na ukoo wenye babu aliyepiga enanga miaka ile unaweza kuandika barua kuuliza kama jina lake limo.