Abeti Masikini, Kiongozi wa Bendi

Hapa kwetu Buhehe, karibu na mpaka wa Busia, jazi haina maana waliyoizoea Wamarekani. Kwetu ni bendi ya magitaa, saksafoni na ngoma, mfano wa zile zilizotoka Kongo, zikapitia Kampala hadi Nairobi. Katika bendi hizo mwanamke, alipokuwapo, mara nyingi aliajiriwa, akapangiwa nyimbo, akatambulishwa jukwaani na wanaume. Kauli ya kutendwa ilimwandama. Ndiyo maana tumechagua wasifu wa Abeti Masikini, ambaye habari zake haziwezi kusimuliwa bila vitenzi vya kutenda.

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1954 mjini Stanleyville, Kisangani ya leo, akaitwa Élisabeth. Baba yake, Jean-Pierre Finant, aliongoza Mkoa wa Mashariki na alikuwa mfuasi wa Patrice Lumumba. Mwaka 1961, muda mfupi baada ya Lumumba kuuawa, Finant naye aliuawa huko Bakwanga. Binti alikuwa na umri wa miaka 6. Mama, Marie Masikini, alihamia Kinshasa na wanawe. Msomaji amekwisha kulitambua jina la mama huyo: ni neno letu wenyewe, nalo halishangazi, kwani Kisangani husikika Kiswahili pamoja na Kilingala. Betty wa utotoni akawa Abeti, na jina la mama likachukua nafasi ya lile la baba.

Mwaka 1971 aliingia katika shindano la waimbaji chipukizi, akatoka wa tatu. Hata hivyo, Gérard Akueson, mtayarishaji wa muziki kutoka Togo, alimsikia, akamchukua. Ikaundwa bendi, Les Redoutables, na ndugu yake Abumba akashika gitaa. Walizuru Afrika Magharibi. Mwaka 1973 Abeti akaimba katika ukumbi wa Olympia, Paris, na mwaka 1974 katika Carnegie Hall, New York. Septemba mwaka huohuo alipanda jukwaa la tamasha la Kinshasa lililomleta James Brown. Alikuwa bado hajatimiza miaka 20.

Mwaka 1976 alimwajiri msichana wa miaka 17 kuwa mwitikiaji. Msichana huyo ni Mbilia Bel. Tunapoandika ubaoni kwamba kiongozi wa bendi alimwajiri mwimbaji, viambishi a- na -m- havitaji jinsia ya yeyote, lakini darasa zima humwona mwajiri kuwa mwanamume. Kosa hilo si la sarufi.

Wimbo wake Je suis fâché wa mwaka 1986 ulivuma sana Afrika. Saratani ilimuua karibu na Paris tarehe 28 Septemba 1994, akiwa na miaka 39. Mwili wake ulirudishwa Kinshasa, ukazikwa huko.