Mfalme Asa na Miguu Yake



Kila tunapofundisha habari za afya hapa kanisani kwetu, katikati ya Johannesburg, hakosi mtu wa kutukumbusha Asa, mfalme wa Yuda aliyeugua miguu, akawatafuta waganga, akafa. Wengine wanaotukumbusha wameficha vidonge vya kisukari chini ya godoro. Basi leo tumwangalie Asa mzima, si miguu yake tu.

Alitawala Yerusalemu miaka 41, yapata miaka 900 kabla ya Kristo, na alianza vizuri. Alivunja sanamu. Alimvua Maaka, bibi yake, cheo cha malkia kwa ajili ya sanamu yake, akaiteketeza penye kijito cha Kidroni. (Nani kati yetu anathubutu kumgusa bibi wa ukoo?) Zera Mkushi alipofika Maresha na watu milioni moja na magari 300, Asa alimlilia Bwana, akashinda. Lakini angalieni, hakuwaacha askari wake nyumbani. Aliomba, na mikuki na ngao zilikuwepo.

Mwaka wa 36 Baasha wa Israeli akajenga Rama ili kumfungia njia. Safari hii Asa hakuomba. Alichota fedha na dhahabu hekaluni, akampelekea Ben-hadadi wa Dameski ili amsaidie. Baasha akaondoka kweli. Ndipo Hanani mwonaji akaja kumwambia mfalme kwamba amekosa. Asa akakasirika, akamtia gerezani, na wakati uleule akawaonea baadhi ya watu wake.

Miguu ilianza kuugua mwaka wa 39. Kumbe miaka mitatu kabla ya waganga alikwisha kumwacha Bwana, na aliyejaribu kumrudisha alikuwa amefungwa. Kosa lake kitandani ni kwamba hata hapo hakumtafuta Mungu. Hezekia, wa ukoo huohuo, aliugua akaomba kwa machozi, na Isaya aliyemletea jibu la Bwana ndiye aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu.

Sisi wauguzi tunajua kwamba kisukari huua hisia za mguu. Mtu hukanyaga msumari asisikie, na kidonda kikaoza ndani ya kiatu. Mwaka jana tulimsindikiza ndugu mmoja wodini. Alikuwa ameacha sindano za insulini wakati wa mfungo, akiogopa kuonekana kama Asa. Alikatwa vidole viwili.

Hatukumwambia sisi aache dawa. Lakini tulimwona akichechemea kwenye ngazi za kanisa wiki tatu mfululizo, tukanyamaza, tusije tukaambiwa hatuna imani. Hanani alisema, akalala gerezani. Sisi tulilala nyumbani kwetu.

Jumapili hii, baada ya baraka, tutakuwa chumba cha nyuma na beseni, taulo na taa. Njooni na vidonge vyenu. Tutaomba kwanza, halafu mtavua soksi.