Docteur Nico: gitare moja, orkestra tatu

Kila tarehe 30 Juni, tangu asubuhi, radio nyingi za inchi hii zinapiga wimbo uleule: Indépendance Cha Cha. Hata watoto waliozaliwa juzi wanaujua. Ukiuliza ni wimbo wa nani, watu wanajibu haraka kwamba ni wa Joseph Kabasele, Grand Kallé, na orkestra yake African Jazz. Jibu hilo ni la kweli, lakini si lote. Ile gitare inayotembea kati ya sauti za waimbaji na kujibu kila neno, kama vile nayo ilipewa kiti kwenye mazungumzo, ilikuwa mikononi mwa kijana wa Kasai mwenye miaka 20. Jina lake ni Nicolas Kasanda. Wapenzi wa muziki walimwita Docteur Nico.

Alipita katika orkestra tatu kubwa, na kila moja ilichukua sehemu ya nguvu zake. Ya kwanza ilimpa jina, ya pili ilimpa mshindani. Ya tatu ilikuwa yake mwenyewe, na ndiyo iliyomwacha peke yake.

Mtoto wa Mikalayi

Nico alizaliwa tarehe 7 Julai 1939 huko Mikalayi, karibu na mji wa Luluabourg, ambao leo tunauita Kananga. Mikalayi ni misioni ya zamani ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1891. Kwao muziki haikuwa kitu kigeni: kaka yake mkubwa, Charles Mwamba, aliyejulikana kwa jina la Dechaud, naye alikuwa mpiga gitare. Ndugu hao wawili wangepiga pamoja kwa miaka mingi, Dechaud akishika gitare ya kusindikiza na Nico akishika solo.

Walikulia wakati muziki ya Kongo ilikuwa inatafuta njia. Huku kwetu, upande wa Katanga, Mwenda Jean Bosco alikuwa anapiga gitare kavu, bila umeme, akiimba Kiswahili peke yake. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi, mwaka 1952. Léopoldville, mji mkuu, mambo yalikuwa mengine. Wafanyabiashara wa kigeni walikuwa wamefungua studio za kutengeneza diski, kama Ngoma na Opika. Diski za Kuba zilikuwa zinaingia kwa wingi, na vijana walizisikiliza mpaka wakajua kuimba Kihispania bila kuelewa maana yake. Gitare zilianza kuunganishwa na umeme.

Nico alijifunzia katikati ya fujo hiyo nzuri. Watu wawili walimfungua masikio. Mmoja ni Zacharie Elenga, aliyeitwa Jhimmy, ambaye alipiga gitare kwa mtindo wa Hawaii, nyuzi zikilia kwa kuteleza. Mwingine ni Emmanuel Tshilumba, aliyeitwa Tino Baroza, ambaye alionyesha kwamba gitare ya solo inaweza kubeba wimbo mzima. Mtoto aliangalia vidole vyao, akasikiliza, akarudia.

Mwaka 1953 aliingia African Jazz. Alikuwa na miaka 14 hivi. Lakini hakuacha masomo: alisomea ufundi, na mwaka 1957 akahitimu kama mwalimu wa ufundi. Wakati ule wa Wabelgiji, Mwafrika mwenye cheti cha namna hiyo alikuwa mtu wa kuheshimiwa, mwenye mshahara wa kila mwezi. Mwanamuziki, kinyume chake, watu wengi walimuona kama mtu wa mabaa. Nico aliweka mizani, na mwisho gitare ndiyo ikashinda.

Brussels, 1960

Mwezi wa Januari 1960, wakubwa wa vyama vya siasa vya Kongo walikutana na serikali ya Ubelgiji huko Brussels katika mkutano ambao watu wengi mpaka leo wanauita Table ronde. Kabasele alisafiri na orkestra ya kuchangamsha wajumbe. Nico na Dechaud walikuwa na gitare zao, Roger Izeidi alipiga maracas, Petit Pierre alishika ngoma. Kutoka kwa washindani wao wa OK Jazz walikuja Vicky Longomba na Brazzos. Vijana wa orkestra mbili zilizokuwa zinagombania mji mmoja walipanda jukwaa moja.

Mkutano ulipokubali kwamba uhuru utapatikana tarehe 30 Juni, wimbo ulizaliwa palepale. Indépendance Cha Cha uliwataja wajumbe na vyama vyao, na uliunganisha lugha za Kongo katika wimbo mmoja. Haukuimbwa kama wimbo wa kijeshi. Ulikuwa wimbo wa kucheza, na gitare ya Nico ndiyo iliyoupa wepesi huo. Ukavuka mipaka. Mwaka 1960 ulikuwa mwaka wa uhuru kwa inchi nyingi za Afrika, na watu wasiojua hata neno moja la Lingala waliuchukua kama wimbo wao.

Orkestra iliendelea kurekodi Ubelgiji katika miaka iliyofuata, na Kabasele alianzisha nyumba yake ya diski, Surboum African Jazz. Huko Brussels walikutana na kijana wa Kameruni mpiga saksofoni, Manu Dibango, ambaye alijiunga nao na baadaye akafika Léopoldville. Kwa Nico ilikuwa shule nyingine. Gitare yake ilizidi kusafishika: noti moja moja, wazi, kila moja inasikika mpaka mwisho wake, bila haraka.

Ili kuelewa kazi yake, inafaa kujua jinsi rumba ya wakati ule ilivyopangwa. Mwanzoni waimbaji wanasimulia habari ya wimbo, na gitare inakaa chini yao. Kisha sauti zinanyamaza, na inafunguka sehemu ya kucheza ambayo Wakongo wanaiita sebene. Hapo mpiga solo ndiye kiongozi. Wapiga gitare wengi waliitumia nafasi hiyo kuonyesha mbio za vidole. Nico aliendelea kuimba, ila kwa nyuzi. Ndiyo sababu watu walimwita daktari, na wengine wakafika mbali zaidi wakamwita mungu wa gitare.

Kuondoka kwa Kabasele

Jina kubwa linaleta maneno. Ndani ya African Jazz yalianza malalamiko juu ya malipo na juu ya nani anayeamua. Mwaka 1963 Nico aliondoka, na hakuondoka peke yake: Dechaud, Izeidi na yule mwimbaji kijana, Pascal Tabu, aliyeitwa Rochereau, walitoka pamoja naye. Kabasele aliamka asubuhi orkestra yake imekwisha. Ilimbidi atafute vijana wengine.

Wale waliotoka walianzisha African Fiesta. Kwa muda wa karibu miaka miwili, muziki ya Kongo ilikuwa na kitu ambacho wazee mpaka leo wanakikumbuka kwa uchungu mtamu: sauti ya Rochereau na gitare ya Nico katika diski moja. Rochereau alikuwa na sauti laini na kipaji cha kutunga. Nico alijua kuweka noti pale tu sauti inapopumua. Kila mmoja alimfanya mwenzake aonekane mkubwa zaidi.

Kumbe hapo ndipo shida ilipokaa. Rochereau hakuwa tayari kuwa msaidizi wa mtu, na Nico alikwisha kuondoka kwa Kabasele juu ya jambo hilohilo. Fahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 1965 African Fiesta ilipasuka. Rochereau alichukua njia yake na African Fiesta National. Nico alianzisha African Fiesta Sukisa. Katika Lingala, kusukisa ni kumaliza, kukomesha. Jina hilo lilikuwa kama kusema: mjadala umefungwa.

Miaka ya Sukisa

Mwanzoni ilionekana kweli kwamba Nico ndiye aliyefunga mjadala. Sukisa ilikuwa na waimbaji wazuri kama Chantal Kazadi, Sangana na Lassan. Dechaud alikuwa bado kando yake. Wimbo Bougie ya motema ulipita kila mahali. Katika Marie Pauline, Nico alirudisha somo la utoto wake, ile gitare ya Hawaii inayolazwa na kupigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi. Mlio wake unapanda na kushuka kama mtu anayelia bila kutoa maneno. Mwishoni mwa miaka ya 60, orkestra yake ilieneza dansi ya kiri-kiri, ambayo vijana waliicheza mbali kupita mipaka ya inchi.

Lakini kuongoza orkestra ni kazi nyingine kabisa. Kiongozi anapaswa kutafuta vyombo, kulipa watu, kupatana na wenye baa na wenye nyumba za diski, na kuzuia waimbaji wasichukuliwe na washindani. Vidole havisaidii hapo. Waimbaji wa Sukisa walianza kuondoka mmoja mmoja, na mpiga solo asiye na sauti kubwa mbele yake anabaki kama mtu anayejibu bila kuulizwa.

Wakati huohuo mji ulikuwa unabadilika. Léopoldville ilikuwa imegeuka Kinshasa mwaka 1966. Franco na OK Jazz yake walikuwa imara. Mwezi wa Desemba 1970 Rochereau alipanda jukwaa la Olympia huko Paris, na habari hiyo ilijaa mjini. Na vijana wa Zaïko Langa Langa, iliyozaliwa mwishoni mwa 1969, walikuja na muziki ya kasi, bila tarumbeta, ngoma mbele. Kwao, rumba ya Nico ilikuwa muziki ya kaka zao wakubwa.

Serikali ya Mobutu ilipoamuru watu waache majina ya kizungu, Nicolas akawa Kasanda wa Mikalay, jina la kumrudisha kijijini kwake. Katikati ya miaka ya 70 alijitenga na jukwaa. Mtu ambaye diski zake zilikuwa zinasikika katika inchi nyingi hakuwa tena na orkestra ya kupiga nayo.

Lomé, kisha Brussels tena

Kimya hicho kilidumu miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 80 alisafiri mpaka Lomé, Togo, akarekodi nyimbo zake za mwisho. Vyombo vilikuwa vya wakati mpya, lakini gitare ilitambulika mara moja: polepole, safi, bila kelele. Wenzake wa zamani walikuwa wanapungua. Kabasele, aliyempokea akiwa mtoto wa miaka 14, alikufa mwezi wa Februari 1983.

Nico naye alikuwa mgonjwa. Alipelekwa Brussels, na hapo, katika hospitali, alikufa tarehe 22 Septemba 1985. Alikuwa na miaka 46. Ni mji uleule ambako, miaka 25 nyuma, alikuwa amepiga gitare mbele ya wajumbe waliokuwa wanajua tarehe ya uhuru wa inchi yao kwa mara ya kwanza.

Watu wanaopenda muziki ya zamani bado wanabishana: Nico alikosea kumwacha Kabasele? Alikosea kutengana na Rochereau? Hesabu si rahisi. Angebaki kwa Kabasele, pengine African Fiesta isingezaliwa. Angebaki na Rochereau, Marie Pauline na kiri-kiri zisingekuwa za Sukisa. Kila mlango alioufunga ulifungua muziki mpya. Lakini kila mlango ulimwacha na watu wachache zaidi nyuma yake, na muziki ya Kongo, kwa uzuri wake wote, haikuwa na utaratibu wa kumlisha mpiga gitare siku vidole vinapochoka. Wanamuziki wa leo wa Goma, Bukavu au Kisangani wanaijua vizuri habari hiyo.

Mwaka huu wimbo wa 30 Juni utakapopigwa tena, majina ya wajumbe yatapita kama kawaida, na watu wataimba. Atakayetaka kumsikia Nico asubiri pale sauti zinaponyamaza kidogo. Ile gitare inayoingia ni yeye.