Mtakatifu Teresa wa Avila: Aliyeacha Sala Akarudi



Tukitaja walimu wa sala katika Kanisa, jina la Mtakatifu Teresa wa Avila halikosekani. Lakini si wengi wanaojua kwamba mwalimu huyu aliwahi kuacha sala ya moyo kwa zaidi ya mwaka mzima, tena akiwa tayari mtawa.

Teresa alizaliwa tarehe 28 Machi 1515 mjini Avila, nchini Hispania. Mama yake alifariki yeye akiwa bado msichana mdogo. Mwaka 1535, akiwa na miaka 20, alitoroka nyumbani bila ridhaa ya baba yake, Mzee Alonso, akajiunga na watawa Wakarmeli katika Monasteri ya Umwilisho. Baadaye baba yake alikubali.

Haukupita muda mrefu akaugua vibaya. Akiwa njiani kwenda kutafuta matibabu, baba yake mdogo alimpa kitabu kilichofundisha sala ya moyo, yaani kutulia mbele ya Kristo aliye ndani yetu na kuzungumza naye. Teresa akaanza kusali hivyo. Mwaka 1539 ugonjwa ulizidi, akalala bila fahamu karibu siku 4, hata kaburi lake likachimbwa. Alizinduka, lakini alikaa karibu miaka 3 akiwa amepooza. Uponyaji wake aliuhesabu kuwa ni maombezi ya Mtakatifu Yosefu.

Ajabu ni kwamba sala haikumshinda kitandani, ilimshinda alipopona. Siku zile wageni waliingia monasterini kwa wingi, na Teresa alikuwa mcheshi, mzungumzaji mzuri, mtu wa kupendwa. Maongezi yakala muda wake na moyo wake. Akaona haya kukaa faraghani na Mungu huku moyo wake uko kwa wageni. Akajiambia kwamba mtu kama yeye afadhali asali zile sala za pamoja tu kama wenzake, na ile ya moyo aiache. Aliuita uamuzi huo unyenyekevu. Baadaye alikiri kwamba hicho kilikuwa kishawishi kikubwa kuliko vyote alivyopata.

Wakati huohuo baba yake, ambaye Teresa mwenyewe alikuwa amemfundisha sala ya moyo, alizidi kusonga mbele. Mzee alipokuja kumtembelea na kuzungumzia sala, Teresa hakuweza kumdanganya. Alimwambia kwamba ameacha, akasingizia afya yake mbovu. Mzee akamwamini na kumhurumia. Tangu hapo hakukaa naye muda mrefu. Alimsalimu kisha akaenda zake kusali. Mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu.

Mzee Alonso alifariki mwaka 1543. Teresa alikwenda kuungama kwa padre Mdominiko aliyekuwa muungamishi wa baba yake. Padre huyo alimwambia arudie sala na asiiache tena kamwe. Akarudi, na hakuiacha tena.

Tusidhani kwamba tangu siku hiyo alionja utamu. Kwa miaka mingi alipambana na ukavu. Mara nyingi alitamani saa ya sala iishe, akawa anasikiliza saa igonge. Kuna siku aliingia kikanisani kwa huzuni, akijilazimisha. Akili ilipotangatanga, alishika kitabu kimsaidie kutulia. Lakini alibaki mpaka muda wake uishe, na mara kadhaa aliondoka na amani kubwa kuliko siku alizoingia kwa hamu.

Mwaka 1554, akiwa na miaka 39, alisimama mbele ya sanamu ya Kristo mwenye majeraha, akaanguka akilia na kumwomba amtie nguvu asimkosee tena. Hapo maisha yake yaligeuka. Tarehe 24 Agosti 1562 alianzisha Monasteri ya Mtakatifu Yosefu, ambako aliweka saa 1 ya sala ya moyo asubuhi na saa 1 jioni. Hadi kifo chake alikuwa ameanzisha monasteri 17, na hata safarini, ndani ya magari ya kukokotwa na nyumbu, saa za sala zilishikwa.

Alifariki usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582. Kwa kuwa usiku huohuo kalenda ilirekebishwa, siku iliyofuata ilihesabiwa kuwa tarehe 15, ambayo ndiyo sikukuu yake. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Ndugu zangu, sisi waseminari kengele hutuita kusali kila siku, lakini mwili unaweza kukaa kikanisani na moyo ukabaki kwenye maongezi. Nanyi wazazi, alfajiri ina watoto, shamba na duka. Tuchague muda wetu, hata dakika 15, tuulinde. Na siku tukijiona hatufai kusali kwa sababu tumeanguka, tukumbuke kwamba ndiyo siku tunayoihitaji sala zaidi. Mgonjwa hasubiri apone ndipo aende kwa mganga.

Mtakatifu Teresa wa Yesu, utuombee.