Marehemu Shaaban Robert na Urithi Aliouacha



Sisi wa kidato cha nne tunakaribia mtihani wa mwisho, na mazungumzo yetu mengi ni juu ya utajiri. Mwenye baba mwenye duka hutaja duka. Mwenye baba mwenye lori hutaja lori. Mimi ni mtoto wa mkulima mdogo, na shamba letu tukigawana ndugu sita halitamtosha hata mmoja. Wapo wasemao kwamba mtoto wa namna yangu hana urithi. Kwa ajili hiyo napenda kueleza kwa ufupi maisha ya Marehemu Sheikh Shaaban Robert.

Alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909, katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, kisha akaajiriwa na Serikali ya Tanganyika kuwa karani wa forodha. Kazi hiyo aliishika mpaka mwaka 1944, na Pangani ni mojawapo ya vituo vyake. Baadaye alihamia idara iliyohusika na wanyama, akarudi Tanga mwaka 1946 katika ofisi ya Serikali, na mwisho alikuwa katika ofisi ya upimaji wa ardhi.

Ukarani ulikuwa na heshima, lakini haukumtajirisha mtu. Wakati ule wa ukoloni karani wa Kiafrika alilipwa kidogo, na vyeo vikubwa havikuwa vyake. Mchana Shaaban Robert aliandika katika vitabu vya forodha mali ya watu wengine, iliyoingia na kutoka bandarini. Saa za kazi zilipokwisha aliandika mashairi, tenzi, hadithi na insha zake mwenyewe. Kwa njia hiyo alipata vitabu zaidi ya ishirini.

Misiba haikumkosa. Mkewe Amina alifariki dunia akamwacha na watoto wa kulea. Huzuni ile aliitia katika shairi la maombolezo ambalo husomwa mpaka leo, na jina la Amina lingali hai midomoni mwa watu wasiopata kumwona.

Jambo linalonigusa kuliko yote ni hili. Shaaban Robert alitunga tenzi mbili kwa ajili ya watoto wake: Utenzi wa Hati kwa binti yake, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Sote twajua hati ni kitu gani. Ni karatasi ya kuthibitisha kwamba shamba au nyumba ni mali yako. Lakini hati aliyompa binti yake haina shamba ndani yake. Mna mausia ya kumcha Mungu, kuheshimu watu, kusema kweli na kutenda wema. Shamba hugawanywa likapungua; mausia yale kila mtoto huyapata mazima, na sisi tusio watoto wake tumeyapata vilevile bila kuwapunguzia wao.

Imani hiyo yaonekana katika vitabu vyake vingine pia. Alipotaka kuandika wasifu, hakumchagua tajiri wala mtawala. Alimchagua Siti binti Saad wa Unguja, mwanamke aliyezaliwa katika umaskini, akauza vyungu, kisha akapata jina kubwa kwa sauti yake. Na katika Utubora Mkulima ameeleza habari za mtu aliyeacha kazi ya mshahara akashika jembe, akaridhika.

Lakini asidhani mtu kwamba Shaaban Robert alidharau fedha. Alikuwa na watoto wengi wa kulisha, na mshahara wa Serikali aliufanyia kazi zaidi ya miaka thelathini. Fedha aliitafuta kwa bidii ili nyumba yake iishi, ila hakuiruhusu imalize saa zake zote. Tofauti hiyo ni kubwa, na nadhani yatufaa sana sisi tunaotoka shuleni.

Katika maisha yake alipewa nishani ya MBE na medali ya Margaret Wrong. Alifariki mwezi wa Juni, 1962, miezi sita tu baada ya Tanganyika kupata Uhuru, akiwa na umri wa miaka 53. Mishahara aliyopokea ilikwisha kutumika zamani, na vitabu vya forodha alivyoviandika hakuna anayevitafuta. Lakini yale aliyoyaandika baada ya saa za kazi yanasomwa mpaka leo.

Wazazi msio na shamba la kutugawia, msione haya mbele yetu. Mtu mwenye tabia njema, maarifa na ulimi wa kweli, aliyefundishwa hayo na wazazi wake, amekwisha kukabidhiwa hati yake. Na sisi wanafunzi tuitunze, maana hati ikipotea, hata shamba kubwa huwa la watu wengine.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV