George Mukabi: Jamaa wa Kisa aliyefungua wimbo kwa gitaa moja tu

MASHABIKI wa tamthilia za muziki wanajua siri moja: wimbo wa kwanza ukikosea, watazamaji wanaanza kuangalia simu. Wimbo huo ndio unaowaambia wako wapi na watakaa na nani hadi pazia lifungwe. The Lion King, iliyoingia Broadway mwaka wa 1997, huanza kwa mwito wa Kizulu huku wanyama wakipita katikati ya watazamaji. Lakini Oklahoma! ya 1943 ilianza kimyakimya: mwanamke mzee anasuka siagi, na sauti ya mwanamume mmoja inatokea nyuma ya jukwaa. Basi.

Kakamega nayo ilikuwa na bingwa wa mwanzo wa namna hiyo ya pili. Hakuwa na jukwaa la maana wala bendi. Alikuwa na gitaa la mbao, na chupa ya Fanta pembeni.

George Mukabi alitoka Kisa, sehemu ambayo leo iko Khwisero, Kaunti ya Kakamega. Alikua wakati magitaa yalikuwa yakiingia vijijini, mengine yakiletwa na wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Santuri za akina Mwenda Jean Bosco kutoka Katanga nazo zilikuwa zikivuma. Wengi walijaribu kuiga Wakongo. Mukabi akafanya lake.

Alichukua mdundo wa ngoma za isukuti, ule unaochezwa harusini na matangani Magharibi mwa Kenya, akauhamishia kwenye nyuzi. Kidole gumba kilishika besi, cha shahada kikacheza juu, na vyote viwili vikasukumana kama ngoma kubwa na ndogo. Mwenzake alikwaruza chupa ya Fanta kwa kipande cha chuma. Chupa za enzi hizo zilikuwa na mistari ubavuni, kwa hivyo mkwaruzo ulitoka safi. Mtindo huo ukaitwa omutibo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alirekodi Nairobi. Santuri za wakati huo zilibeba takriban dakika tatu kila upande. Mwimbaji mwingine angekimbilia maneno ili muda usimwishie. Mukabi hakuwa na pupa. Aliacha gitaa litangulie, likusalimie, likuketishe, ndipo sauti iingie. Akishaimba kidogo, anaachia gitaa tena nafasi ya kuongea peke yake.

Hiyo haikuwa kujionyesha. Msikilizaji alikuwa kwenye baa, dukani au karibu na redio, na hakuna pazia la kumwambia nyamaza, mambo yameanza. Gitaa ndilo lililokuwa pazia.

Aliimba kwa Kiswahili chenye ladha ya Kiluhya, ndiyo maana nyimbo zake zilivuka mipaka ya Kisa. Sengula Nakupenda ndio unaokumbukwa zaidi. Mtoto si Nguo nao unakugusa kuanzia jina: nguo unaweza kuazima kwa jirani, mtoto huwezi.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka wa 1963, mwaka uleule Kenya ilipojipatia uhuru, Mukabi aliuawa katika ugomvi wa kifamilia. Hata miaka 35 alikuwa hajafikisha. Mtu aliyewashauri wengine kuhusu mapenzi na nyumba aliangamia kwa mzozo wa nyumbani. Hilo tusilifunike kwa sifa. Kipaji hakimlindi mtu dhidi ya hasira, yake wala ya wengine.

Kazi yake haikuzikwa naye. Mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, alilishika gitaa na kuendeleza omutibo. Miaka ya majuzi nyimbo za baba zilikusanywa Marekani katika santuri iitwayo Furaha Wenye Gita. Lakini chimbuko lenyewe linayumba: mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka.

Kwa hivyo wewe unayetunga biti kwenye simu, au unayeandaa igizo la muziki la shule, tafuta Sengula Nakupenda na usiruke mwanzo. Sikiliza gitaa kabla sauti haijaingia. Isukuti iko pale ndani, kwenye vidole viwili vya jamaa wa Kisa.