Mathilda Wrede, Rafiki wa Wafungwa

Mwezi huu twataka kuwapasha habari za bibi mmoja wa nchi ya Ufini, Mlutheri kama sisi, jina lake Mathilda Wrede.

Alizaliwa mwaka wa 1864 katika mji wa Vaasa. Baba yake alikuwa liwali wa jimbo lile, nayo nchi yote ilikuwa chini ya Kaisari wa Urusi. Mwaka wa 1883, naye ni msichana wa miaka 19, alimpa Bwana moyo wake. Baadaye mfungwa mmoja aliletwa nyumbani kwa liwali kutengeneza kitasa cha mlango. Mathilda akamweleza upendo wa Kristo. Yule mtu akamwomba aende gerezani akawaambie na wenzake. Basi akaenda, na kwa miaka mingi aliwatembelea wafungwa wa nchi ile, wezi na wauaji, akiwasikiliza na kuomba pamoja nao.

Mwaka wa 1917 Ufini ilipata uhuru wake, na mwezi wa Januari 1918 wenyeji wakaanza kupigana wao kwa wao. Wafanyakazi na maskini wengi walikuwa katika chama kilichoitwa Wekundu. Wa upande wa serikali waliitwa Weupe, na wachungaji wengi walishikamana nao. Weupe wakashinda mwezi wa Mei. Wekundu wapata 80,000 wakatiwa kambini, na zaidi ya 12,000 wakafa kwa njaa na maradhi.

Hapo imani ya Mathilda ilijaribiwa. Kwa kuzaliwa kwake alikuwa mtu wa nyumba ya wakubwa. Lakini hakukubali kuwagawanya watu kwa vyama. Aliwasaidia wenye taabu wa pande zote mbili. Si kwamba aliyaona makosa kuwa si kitu, maana alikwisha kukaa na wakosaji tangu ujana wake. Ila alijua ya kuwa mwenye njaa hulishwa kwanza, na hukumu ni ya Mungu.

Alilala katika Bwana siku ya Krismasi, mwaka wa 1928.

Nasi, hasa tulio walimu wa usharika, na tujiulize: siasa ikitutenga na jirani, je, twaenda kumtazama akiugua? Tukimpita mlangoni kwa sababu ya chama chake, tumekwisha kukiweka chama mbele ya Kristo.